Klabu yetu inataka kufunga matenki ya maji ya mvua shule ya msingi Arumeru, tuanzie wapi?

KatibuKlabu
Wakuu, habari za jioni. Klabu yetu ya kujitolea hapa Arusha imezoea usafi wa mto Themi, kupanda miti na kuchangia damu. Safari hii wanachama wamepitisha jambo zito zaidi: maji ya kunywa kwa shule ya msingi moja upande wa Maji ya Chai. Shule inatumia kisima, na kipimo cha maabara kinasoma floraidi (madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa) 3.4 mg kwa lita.

Jengo tunalolilenga lina urefu wa m 24 na upana wa m 8, tukipima kutoka ncha ya bati hadi ncha ya bati. Bati ni zima, lina paa la pande mbili. Wanafunzi 410, kati yao 180 ni awali hadi darasa la tatu. Hela iliyopo inatosha matenki mawili ya plastiki ya lita 10,000, gata, saruji na fundi. Kuna wanachama wanaotaka tuchimbe kisima kipya, wengine wanataka vichujio. Lengo ni kukabidhi kabla ya masika. Wenye ujuzi karibuni, msituonee aibu.

ChekaTu
Nimevuta kiti. Waje mafundi.

MamaLabu
Kisima kipya kiondoeni mezani leo hii. Floraidi ya ukanda wa Meru inatoka kwenye miamba ya volkano ambamo maji ya ardhini yanapita. Mkichimba mita mia pembeni mnaweza kupata nafuu, mnaweza pia kupata maji mabaya kuliko ya sasa, na hela ya kuchimba hairudi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mwisho 1.5 mg kwa lita. Ninyi mko mara mbili na zaidi.

Mambo ambayo kamati ya shule itawaambia na si kweli: kuchemsha hakutoi floraidi. Mvuke unaondoka, floraidi inabaki, kwa hiyo maji yaliyochemka sana yanakuwa na kiwango kikubwa zaidi. Klorini haiitoi. Mchanga na kitambaa haviitoi. Vinavyoitoa ni mkaa wa mifupa, mitambo ya kuchuja kwa shinikizo kubwa, na njia chache za kemikali ambazo shule haiwezi kuzisimamia.

Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa, ndiyo maana wazo lenu ni zuri. Na mna haki ya kuwapa wadogo kipaumbele: meno ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi kabla mtoto hajafika miaka minane hivi, na madoa ya kahawia yanawekwa wakati huo. Wa darasa la saba meno yake yameshaamua. Mifupa yake bado inadhurika kwa kiwango kikubwa cha miaka mingi, lakini kama maji hayatoshi wote, anzeni chini.

Jingine: muulizeni mpishi kama anaweka magadi kwenye makande. Magadi ya huku yana floraidi nyingi. Mnaweza kufunga matenki kumi na sufuria ikaendelea kuwarudisha nyuma. Waloweke mahindi na maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Fundi_Tengeru
Nakazia ya dada MamaLabu. Sasa hesabu, maana wengi wananunua tenki kwanza na kupima paa baadaye.

Mvua ya mm 1 ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita 1. Paa lenu ni 24 × 8 = mita 192 za mraba. Usipime mteremko wa bati, pima kivuli chake chini. Tukadirie mvua ya mm 800 kwa mwaka (nimeshusha makusudi), na tuondoe asilimia 20 ya kuruka, kuvuja na kukauka juu ya bati. Mnapata kama lita 122,000 kwa mwaka.

Mahitaji: watoto 410 kwa lita moja ya kunywa, siku 194 za masomo, ni kama lita 79,500. Kwa hiyo paa linatosha na kubaki. Kinachobana ni tenki, kwa sababu mvua inakuja kwa makundi mawili na kiangazi kinaangukia muhula wa pili. Julai hadi Oktoba kuna kama siku 85 za masomo. Lita 20,000 mkigawa kwa watoto wote 410 ni siku 48, yaani katikati ya Septemba bomba linakauka. Mkigawa kwa wale 180 wadogo tu ni siku 111, mnafika vuli mkiwa na akiba.

KatibuKlabu
Hii ya siku 48 hakuna aliyeipiga kwenye kikao chetu. Je, tukichanganya maji ya mvua na ya kisima?

MamaLabu
Inafanya kazi, na ni hesabu ya darasa la sita. Ndoo 4 za kisima kwa ndoo 6 za mvua: 3.4 × 0.4 = 1.36 mg kwa lita. Mko chini ya 1.5. Nusu kwa nusu inatoa 1.7, haitoshi.

Ila kuchanganya kila siku kwenye bomba la kunywa kunahitaji mtu makini asiyechoka, na huyo hapatikani. Changanyeni jikoni tu, ambako tayari kuna mtu mmoja na ndoo. Wadogo wanywe mvua tupu. Uji wa wote 410, tuseme theluthi ya lita kila mmoja, unakula kama lita 135 za maji, ambapo 80 ni mvua. Ongezeni 180 za kunywa: lita 260 kwa siku. Lita 20,000 zinakwenda siku 76 hivi, katikati ya Oktoba. Kidogo kidogo mnagusa vuli.

Pimeni kisima mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa kiangazi, kwa sababu kiwango kinapanda na kushuka. Sampuli iwe kwenye chupa safi ya plastiki, isiwe ya kioo, floraidi hushikana na kioo na kipimo kinasoma pungufu. Suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo unayochukua, acha bomba litiririke dakika mbili tatu kwanza, andika tarehe na saa juu ya chupa.

Njoro_Moshi
Mimi natetea vichujio vya mkaa wa mifupa. Ngurdoto pale kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, hamwendi mbali. Ndoo mbili, mkaa katikati, basi.

Fundi_Tengeru
Njoro, kwa nyumba moja nakubaliana nawe. Kwa shule ya watoto 410 swali ni nani anabadilisha mkaa. Mkaa wa mifupa unachoka, na ukichoka maji yanatoka meupe na matamu vilevile, hakuna anayejua mpaka apime. Halafu uchomaji wenyewe una masharti: ukichomwa pungufu unabaki na mafuta, maji yananuka na watoto wanayakataa. Ukipitiliza unakuwa mweupe kama chokaa na nguvu imekwisha. Unaotakiwa ni wa kijivu kuelekea mweusi, nyuzi 400 hadi 500. Ni mradi wa pili, baada ya matenki, na shule iwe na mwalimu wa sayansi aliyekubali kuubeba.

Njoro_Moshi
Hapo umenishika. Hela ya kupima kila baada ya muda nayo sijaiona kwenye bajeti za klabu.

Fundi_Tengeru
Sasa niende kwenye gata, ambako miradi mingi hufia. Utaona tenki zuri limesimama, limepakwa nembo ya wafadhili, gata imening'inia upande mmoja na maji yanamwagika kwenye ukuta.

Matenki yote mawili yawekwe mwishoni mwa jengo, kwenye ukuta mfupi wa upande wa jikoni, kila moja lipokee upande wake wa paa. Chini myaunganishe kwa paipu lenye valvu kila upande. Likichafuka moja unalifunga, lingine linaendelea.

Gata ya m 24 kwenda upande mmoja ni ndefu. Mkiipa mteremko mkubwa tangu mwanzo, mwishoni inakuwa chini sana ya bati na mvua kubwa inaruka juu yake. Toeni mm 3 kwa kila mita kwa m 16 za kwanza, halafu mm 6 kwa kila mita kwa m 8 za mwisho. Jumla ni kama sm 10. Msipime kwa macho wala kwa kufuata fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa), majengo ya shule fisha bodi imepinda tangu siku ya kwanza. Tumieni mpira mwembamba wa maji unaoonyesha ndani, weka alama pande zote mbili, vuta uzi, ndipo mfunge vishikio. Kishikio kila sm 60, na kimoja cha ziada karibu na kila kiungo. Fundi akikwambia mita moja inatosha anaokoa vishikio, gata itazama katikati mvua ya kwanza.

Ncha ya bati iingie ndani ya gata kama theluthi ya upana wake. Bati likiishia nyuma ya gata, mvua ndogo yote inarudi chini ya bati na kuozesha fisha bodi.

Gata za plastiki zinarefuka kwa joto. M 24 kati ya asubuhi ya baridi ya Julai na jua kali la mchana zinaweza kucheza karibu sm 4. Mkibana kwa gundi mwanzo hadi mwisho zitapasuka kwenye viungo. Acheni kiungo kimoja cha katikati kiwe cha mpira bila gundi.

Paipu la kushuka inchi 4. La inchi 2 linaziba kwa maua tu.

MwlKijenge
Na maua yenyewe si utani. Kama kuna mijakaranda karibu na jengo, inachanua na kupukutisha kuelekea vuli, yaani gata inajaa wiki zilezile mnazosubiri mvua ya kwanza. Matawi yakatwe yasifike juu ya bati. Vikonyo vya majani ya mgrevilea navyo hujisuka ndani ya gata, ukivuta unatoa blanketi zima.

Fundi_Tengeru
Asante mwalimu. Ndiyo maana maji ya kwanza ya kila mvua yasiingie kwenye tenki. Vumbi la barabara, kinyesi cha ndege, majani, vyote vinashuka na milimita ya kwanza. Upande mmoja wa paa ni mita 96 za mraba. Kutupa nusu milimita ni lita 48. Paipu la inchi 4 linabeba kama lita 8.5 kwa mita, kwa hiyo kile kipande cha paipu cha mita moja mnachokiona kwenye picha ni pambo. Tumieni paipu la inchi 6 lililosimama, linabeba kama lita 18 kwa mita. M 2.7 inatosha. Bati likiwa chini, wekeni pipa la plastiki la lita 60 hadi 100 lililofungwa juu.

Chini kabisa wekeni mfuniko wa kufungua kwa mkono, na mtoboe tundu la mm 3 ili maji yajiishie yenyewe kati ya mvua na mvua. Mkiweka valvu ya kufungua kila mara, kwa wiki mbili itafunguliwa, baada ya hapo itajaa tope na uchafu wote utapanda tenkini. Tundu hilo linaziba, mwalimu wa zamu alichokonoe kwa kijiti kila Ijumaa wakati wa mvua.

DadaHasibu
Kitako cha kuwekea tenki nacho? Makadirio tuliyoletewa yana mifuko mitano ya saruji kwa kila tenki.

Fundi_Tengeru
Haitoshi, dada. Lita 10,000 ni tani 10 kila tenki. Kitako kinazidi tenki sm 30 kila upande, pimeni kipenyo cha tenki lenyewe dukani kabla ya kuchimba. Tuseme kinatoka m 2.8 kwa m 2.8. Ondoeni udongo wa juu wote, jengeni ukuta wa mawe kuzunguka, jazeni moramu kwa tabaka za sm 15, kila tabaka linamwagiwa maji na kushindiliwa kabla ya lingine. Udongo wa huku una majivu ya volkano, ni mwepesi, unajazwa leo na mwakani umeshuka. Kitako kikishuka upande mmoja tenki halipasuki, linalopasuka ni tundu la kutolea maji, na hapo lita zote zinaondoka usiku mmoja.

Juu yake zege la sm 15, kipimo 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nondo za mm 10 kila sm 20 pande zote mbili. Zege hilo ni kama mita 1.2 za ujazo, linakula mifuko 8 ya kilo 50. Ukuta wa mawe na plasta ni nje ya hiyo 8. Limwagiliwe maji siku 7, asubuhi na jioni, na tenki lisijazwe kabla ya wiki mbili hadi tatu. Kimo cha kitako sm 60 ili ndoo ya lita 20 ikae chini ya bomba.

Siku tenki linapandishwa, mtie maji hata sm 30. Tenki tupu linabebwa na upepo.

ChekaTu
Tenki kupaa Arumeru ingekuwa habari ya kitaifa.

MwlKijenge
Bomba sasa. Watoto hawafungui bomba, wanalining'inia. Bomba lisitoke moja kwa moja kwenye tenki. Litoke paipu la chuma la robo tatu ya inchi, liingie kwenye nguzo fupi ya zege, bomba la shaba litokee hapo. Kati ya tenki na nguzo pawe na valvu na yunioni (kiungo cha kufungulika) ili likiharibika lifunguliwe bila kumwaga tenki. Kwa watoto 180 mapumziko moja, bomba moja ni vita, wekeni manne kwenye paipu moja lililolala, yaachane sm 60. Chini yake sakafu ya zege yenye mfereji, vinginevyo ndani ya mwezi mmoja pana tope na nguruwe wa jirani.

Maji ya kufurika: paipu la ukubwa uleule wa linaloingiza, lenye wavu wa mbu, lipelekwe angalau m 3 mbali na kitako. Hapo ndipo klabu mpande ile miti yenu, maana mmesema mnapanda miti. Mparachichi ukipata maji hayo hautawadai kitu. Msipande chochote kati ya tenki na jengo.

Mfuniko wa juu ufungwe kwa kufuli. Ufunguo mmoja kwa mwalimu mkuu, mmoja kwa mwenyekiti wa kamati ya shule.

MamaLabu
Nimesahau dawa. Mkiwa na klorini ya unga ya asilimia 65, tenki lililojaa lita 10,000 linahitaji gramu 31 kufikia 2 mg kwa lita. Nusu tenki, gramu 15. Koroga kwanza kwenye ndoo ya plastiki: maji yatangulie, unga ufuate, usifanye kinyume, na ndoo isiwe ya chuma wala yenye mabaki ya sabuni. Mimina jioni, watoto wanywe kesho yake. Bombani klorini ibaki kati ya 0.2 na 0.5 mg kwa lita. Karatasi za kupimia ziingie kwenye bajeti. Mkizikosa, pua ya mpishi ni kipimo kibovu.

KatibuKlabu
Asanteni sana wakuu. Vibali je? Na kuna mwanachama anasema tuombe ruzuku ya Rotary tuongeze matenki.

DadaHasibu
Vibali: anzeni na mwalimu mkuu na kamati ya shule, muhtasari wa kikao uandikwe na kusainiwa, upite serikali ya kijiji na mtendaji wa kata, ndipo barua iende kwa mkurugenzi wa halmashauri. Maji ya Chai iko Halmashauri ya Wilaya ya Meru. Barua nyingi za wilaya hii zinapotea kwa sababu zimepelekwa Halmashauri ya Wilaya ya Arusha, zote mbili zikiwa Arumeru. Ombeni mhandisi wa halmashauri aone mchoro wa kitako. RUWASA (wakala wa maji vijijini) wapeni nakala, kisima kiko mikononi mwao au mwa chombo cha watumia maji.

Rotary: ruzuku kubwa za Rotary Foundation ni za miradi kuanzia dola 30,000, zinataka klabu mbili za nchi mbili na tathmini ya mahitaji ya jamii kabla ya kuomba. Matenki mawili hayafiki huko. Mkitaka njia hiyo, kusanyeni shule kadhaa za ukanda mmoja na mzungumze na klabu ya Rotary ya mjini iwe mbeba ombi.

Malipo ya fundi: zuieni asilimia 10 mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite na gata ionekane inafanya kazi. Iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo, la sivyo mtagombana. Na nunueni vipuri siku hiyohiyo: mabomba 2, washa za kutosha, gata ya m 4, vishikio 6, gundi. Mkabidhi kamati kwa orodha.

Njoro_Moshi
Siku ya kukabidhi mnaweza kuunganisha na uchangiaji damu?

MamaLabu
Shule ya msingi hapana. Mchangiaji awe na miaka 18 hadi 65 na kilo 50 kwenda juu, mwanaume kila miezi mitatu, mwanamke kila minne. Pale mtapata walimu na wazazi wachache, gari na wahudumu watakuwa wamesafiri bure. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Kaskazini kipo Moshi, wapangieni siku ya chuo au soko.

KatibuKlabu
Sawa. La mwisho: tuanze lini ili masika yatukute tayari?

Fundi_Tengeru
Kitako kijengwe likizo ya Desemba, watoto hawapo na zege litapata wiki zake kabla shule haijafunguliwa. Gata na matenki Januari. Februari mwageni maji juu ya bati kwa ndoo, upande mmoja baada ya mwingine, mtu asimame chini ya kila kiungo. Na mwenye lori aambiwe amwage mawe na moramu upande wa jikoni. Akimwaga getini, kazi ya toroli itawala Jumamosi nzima ya wanachama wenu.